Meza ya Kirumba iliyosemekana kushen zote sita zimekufa: nilivyoipima na nilichokikuta

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna grosari moja Kirumba, ukishuka kama unaelekea Mwaloni, ina meza ya pool ya futi saba ya zamani kweli, mwenye nayo ni mama mmoja mtu mzima. Wachezaji wake wengi ni vijana wa soko la samaki na bodaboda, gemu mia tano, na kwa muda mrefu ile meza ndo ilikuwa inamlipia kodi ya fremu. Sasa ghafla vijana wakaanza kulalamika meza nzito, kushen (zile kingo za raba zilizovikwa kitambaa kuzunguka meza) hazirudishi, mpira ukigonga ukuta unakata roho palepale, taratibu wakahamia Kitangiri kwenye meza mpya. Mama akaita fundi, fundi akabonyeza bonyeza kushen kwa kidole gumba, akasema mama hizi zote sita zimekufa, inatakiwa seti nzima ya raba, gundi, kitambaa kipya na ufundi, jumla laki saba na kitu. Kabla hajatoa hela akanipigia, "mwanangu hebu njoo uniangalizie kwanza, nisije nikazitupa hizi hela ziwani."

Nimeamua kukiandika kisa chote maana naona watu wengi wenye meza za zamani wanaliwa hela kwa namna hii, na wala sio kwamba mafundi ni wezi, ni kwamba hakuna anayepima.

Meza yenyewe ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, ikatoka upande wa Geita enzi zile unavuka kwa kivuko cha Kigongo kabla daraja halijafunguliwa. Ni ya jiwe, sio ya mbao chini, na hilo ndo lililonifanya nione inafaa kuhangaikiwa, maana jiwe likiwa zima meza inaishi miaka na miaka. Sehemu ya kuchezea nilipima sentimita 198 kwa 99. Mashine ya koini ilishakufa zamani, siku hizi mtu analipa mkononi na mipira inatolewa kwa kufungua kimlango cha pembeni. Hili la mashine kufa likumbuke, litakuja kuwa na maana.

Swali la kwanza kwenye meza ya zamani mi huwa siulizi raba ni nzima au mbovu, nauliza ubovu uko kila mahali au uko sehemu. Kwa sababu raba sita zilizofungwa kwenye pande tofauti za meza, moja inapigwa jua, nyingine iko kivulini, moja inapigwa breki, lile pigo la kufungulia mchezo, kila gemu, nyingine haiguswi sana, haziwezi kufa zote siku moja kwa kiwango kilekile. Kama pande zote zimekuwa nzito kwa wakati mmoja basi tafuta kitu ambacho pande zote wanashea. Kama ni upande mmoja au kipande tu, hapo ndo unatafuta bolti, gundi, ufa, jua.

Kwa hiyo nikamuuliza mama malalamiko yalianza lini na kabla ya hapo ni nini kilibadilika kwenye meza. Akasema hamna kilichobadilika mwanangu, kitambaa ni kilekile, meza haijahamishwa. Dada anayehudumia pale akadakia kwamba mipira ndo mipya tu, ile ya zamani ilipotea potea ikabaki tisa, kijana wa mama akanunua seti nyingine Dar kwa bei nzuri. Na kuna kijana mmoja pembeni akasema kitu ambacho wenzake hawakukitilia maanani, kwamba meza hii pamoja na uzito wake lakini mashimo yake siku hizi mapana, unafunga hata ukipiga hovyo.

Hapo nikaanza kuhisi kitu ila sikusema, nikapima kwa utaratibu.

Levo kwanza. Mwanza hii nyumba zetu nyingi zimekaa kwenye mteremko au juu ya mwamba, sakafu hazijanyooka, na meza ikiegemea upande mmoja mpira ukitoka kwenye kushen unapinda au unasimama mapema halafu lawama zinaenda kwa raba. Nikaweka pimamaji katikati ya jiwe na kwenye kona zote nne. Mguu mmoja ulikuwa chini kidogo, tukachomeka kipande cha mbao, ikakaa sawa. Sio hilo lililokuwa tatizo.

Halafu ndo kipimo ninachokiamini kuliko kidole. Ukipiga kwa fimbo kila mara nguvu inatofautiana hata uwe na mkono mzuri vipi, kwa hiyo chukua kipande cha bomba la plastiki la maji, kipasue kwa urefu upate mfereji, upande mmoja uuegemeze juu ya kitu ambacho hakibadiliki urefu, mi natumia kibao kimoja hichohicho siku zote, upande wa pili ulale kwenye kitambaa ukielekea kushen. Ukiachia mpira kutoka alama ileile ya juu unafika kwenye kushen na mwendo uleule kila mara. Bomba uliweke mshazari kidogo ili mpira ukirudi usiligonge. Halafu unapima kwa futi kutoka kwenye kushen hadi mpira uliposimama, unaandika kwa chaki, unasogea kama sentimita 20, unaachia tena, hivyo hivyo mpaka uzunguke meza nzima. Inachosha, ndio, lakini ukimaliza unakuwa na ramani ya meza, unaona kabisa wapi kumelala.

Kwa mipira ya mama majibu yalikuwa hivi: sehemu kubwa ya meza mpira ulirudi sentimita 48 hadi 50, karibu sawasawa pande zote, ila kuna sehemu tatu zilikuwa chini ya hapo, nitazieleza. Huo usawa ndo ulionipa jibu. Raba zinazokufa kwa uzee haziwi na nidhamu ya namna hiyo.

Nikaomba uzi. Ukizungusha uzi kwenye mpira wa pool wa kawaida wa inchi mbili na robo, yaani milimita 57.15, unapata karibu sentimita 18 kasoro kidogo. Mpira wa mama ulitoa sentimita 16. Hiyo ni inchi mbili, milimita 50.8, saizi ya mipira ya zile meza ndogo za Kiingereza. Tukapeleka kwenye mzani wa dagaa wa jirani, gramu 116, wakati mpira wangu mweupe niliokuja nao ulisoma 166. Kwa macho ukiwa hauna wa kulinganisha hauoni, na ule usumbufu wa mashine ya koini kukataa mipira ya saizi nyingine haukuwepo kwa sababu mashine yenyewe haipo. Na ndo maana mashimo yalionekana mapana.

Sasa kwa nini mpira mdogo uifanye kushen ionekane imekufa? Hapa panahitaji utulivu kidogo. Ile ncha ya kushen, pale mpira unapogusia, haiko usawa wa katikati ya mpira, iko juu zaidi. Kanuni za shirikisho la dunia la pool, WPA, zinataka ncha iwe kwenye asilimia 63.5 ya kipenyo cha mpira, ikizidi au kupungua basi asilimia moja tu. Kwa mpira wa 57.15 hiyo ni kama milimita 36. Nikasimamisha rula kwenye ncha za kushen za mama, nyingi zilisoma 36, yaani meza ilitengenezwa sahihi kabisa kwa mpira mkubwa. Lakini weka mpira wa 50.8 hapo, ncha ileile ya milimita 36 inakuwa kwenye asilimia 71 ya mpira. Inaugusia karibu na utosini. Badala ya kuusukuma urudi, sehemu kubwa ya nguvu inaukandamiza chini kwenye kitambaa, mpira unasuguana na jiwe, mwendo unaisha. Kinyume chake pia kipo, ncha ikiwa chini mno kwa mpira husika, mpira unaruka, unauona kabisa unadunda hewani kidogo ukitoka kwenye ukuta. Kwa hiyo mtu akikwambia mpira ukigonga unalala, angalia urefu wa ncha dhidi ya saizi ya mpira kabla hujagusa raba.

Nikarudia ramani yote kwa mpira wangu. Sehemu nyingi zikapanda mpaka sentimita 68 hadi 72. Vijana waliokuwa wanaangalia wakanyamaza, mmoja akaniomba aachie mwenyewe. Akaachia, 70.

Lakini zile sehemu tatu zilibaki chini, na hizo ndo ubovu wa kweli.

Ya kwanza ilikuwa kushen ndefu ya upande wa kaunta, kuanzia shimo la kati kwenda kona, pale palirudisha 47 tu na mpira ulikuwa unaruka kidogo. Gonga reli, ile mbao iliyobeba kushen, kwa ngumi juu, kushen iliyokaza inatoa sauti moja nzito iliyokufa, hii ilikuwa inatoa kama mlio wa pili unaofuata nyuma, gada. Nikalala chini ya meza na tochi ya simu. Kila reli ina bolti tatu, ya katikati nikiikaza inazunguka tu bila kushika. Ile nati ya meno inayozamishwa kwenye mbao ilikuwa imechana njia yake, na mbao yenyewe ni chipbodi iliyovimba, miaka ya bia kumwagika na kudeki sakafu kwa maji mengi. Rula ikasoma 34 na nusu pale, reli imeshuka. Hapo raba haina kosa lolote, ila nguvu ya mpira inaishia kutikisa mbao badala ya kurudi. Mi nasema hivi, kwenye meza za zamani za baa bolti ndo mtuhumiwa wa kwanza kabla ya raba, na ni kitu cha spana na dakika chache, sielewi kwa nini watu hawaanzii huko.

Ya pili ilikuwa kipande kifupi tu, kama kiganja, kwenye kushen ndefu ya upande wa pili karibu na kona. Ilirudisha 55. Bolti zimekaza, mlio safi, ila ukishika ncha kwa vidole viwili ukaivuta juu chini inacheza, raba imeachia gundi. Ukisikiliza mpira ukigonga pale kunatoka sauti ya kupwaya, kama kofi dogo.

Ya tatu ndo ile aliyobonyeza fundi, kushen fupi ya upande wa mlango. Yote, kona hadi kona, 35 hadi 40, na mpira wangu mwenyewe. Kidole gumba kilikuwa sahihi kwa hiyo moja, ngumu kama ubao. Na hapa niseme kuhusu kidole: kipimo cha kidole kinafaa kulinganisha kushen na kushen ndani ya meza moja, hakifai kutoa hukumu peke yake, kwa sababu kitambaa kinene au kilichovutwa sana kinafanya hata raba nzima ionekane ngumu. Fundi alibonyeza ya mlangoni, akakuta imekufa, mpira ulikuwa unalala pande zote, akajumlisha. Ningekuwa sina ule uzi pengine hata mimi ningeona ana hoja.

Tulifungua kitambaa kwa chini ya reli, tukang'oa pini chache tu upande wa kona, kama urefu wa kidole, ukiwa mwangalifu unakirudisha bila mtu kujua. Raba ilikuwa na nyufa ndogo ndogo kama ardhi ya kiangazi, ukikwaruza na kucha inadondosha unga, ukibonyeza kucha haiachi alama. Raba nzima inanyumbulika na kucha inaacha alama ambayo inafutika. Kwa nini hii tu? Mlango unatazama magharibi, upande wa ziwa, jua la jioni linaingia lote na kulala juu ya reli ile kila siku, na juu kuna bati bila dari. Joto, mwanga na hewa vinaikausha raba ya asili taratibu mpaka inakakamaa. Wazungu waliohangaika na meza hizi mwanzoni walikuwa na shida ya upande wa pili, kampuni ya Thurston ya London ilipoanza kuweka raba kwenye kushen mwaka 1835 zilikuwa zinakakamaa kwa baridi, mpaka watu wakawa wanazipasha kwa vyombo vya maji ya moto kabla ya kucheza. Ilikuja kutulia raba ilipoanza kupikwa na salfa, Charles Goodyear alipata hataza yake Marekani mwaka 1844, na Thurston akahamia kwenye raba hiyo mwaka uliofuata. Kabla ya hapo kushen zilikuwa zinajazwa vitambaa na manyoya ya farasi. Sisi huku baridi hatuna, adui yetu ni lile jua la saa kumi na mbili kasoro.

Basi nikakaa na mama nikamweleza, fundi nikaomba aitwe naye awepo, maana sio vizuri kumsema mtu nyuma na kazi ya kubandika raba anaiweza kuliko mimi. Nikampa lile bomba aachie mwenyewe. Aliangalia ramani ya chaki, akaniambia kaka hapa umenifungua macho, ila raba mpya moja pembeni ya tano za zamani hazitalingana. Ana hoja kabisa na wenye pesa wanabadilisha zote sita kwa pamoja, kwenye klabu ya mashindano hata mimi ningesema hivyo. Lakini kwa meza ya grosari, raba tano zinazorudisha 68 hadi 72 hazistahili kung'olewa kwa sababu ya moja. Tukakubaliana.

Kilichofanyika: seti ya mipira ya 57, iliagizwa ikaja kwa basi. Nati iliyochana, seremala alichimba ile chipbodi iliyovimba akapachika kipande cha mninga kwa gundi, akazamisha nati mpya, reli ikapanda ikasoma 36. Kipande kilichoachia gundi, fundi alifungua kitambaa, akakwangua gundi yote ya zamani mpaka mbao nyeupe, akapaka ile gundi ya njano ya mafundi viatu pande zote mbili, akaacha ikauke mpaka haishiki kidole ndo akabandika. Watu wanabandika ikiwa bichi halafu wanashangaa inaachia.

Kwa ile ya mlangoni kuna mambo mawili niliyasimamia sana. La kwanza, umbo. Raba za kushen sio zote sawa, pembe na kimo vinatofautiana, ukinunua ya umbo jingine ncha inakaa juu au chini na umerudi kwenye tatizo lilelile la mwanzo. Kwa hiyo tulikata kipande cha raba ya zamani kutoka mwishoni, tukakipiga picha upande wa mkato kikiwa juu ya rula, na muuzaji akatuma inayofanana nacho. La pili, usiivute raba wakati wa kubandika. Inashawishi, unaivuta kidogo ili inyooke, lakini ikishashika inakuwa inataka kurudi urefu wake, sehemu zilizovutwa zaidi zinarudisha tofauti na jirani zake. Ilaze tu kama ilivyo, acha izidi kidogo kila mwisho ndo ukate kwa mshazari wa mdomo wa shimo, na vile vipande vya raba ngumu vya mdomoni uvirudishe, bila hivyo mpira unaong'ata mdomo unarudi hovyo.

Jumla yote pamoja na mipira haikufika laki tatu.

Tulipima tena baada ya gundi kulala usiku mzima. Kwenye reli ya kaunta 69, kwenye kile kiganja 70, kushen mpya ya mlangoni 75, ina nguvu kidogo kuliko wenzake kama fundi alivyosema, na wazoefu walishaijua wanaihesabu. Halafu tukafanya kile kipimo kikubwa cha WPA, unaweka mpira kwenye alama ya kuanzia, unapiga katikati kwa nguvu, fimbo ikiwa imelala, unatakiwa uende urefu wa meza mara nne hadi nne na nusu bila kuruka. Na ile mipira midogo, kabla hatujagusa chochote, ilikuwa inachoka baada ya mara mbili na nusu. Sasa mpira wa 57 ulienda nne na kipande, haukuruka.

Mlangoni mama ameshona pazia la turubai, linashushwa kuanzia saa tisa mchana. Na ile mipira ya 50.8 haikutupwa, kuna jamaa Igoma ana meza ndogo ya Kiingereza ambaye alikuwa analalamika mipira inamrukia kila ikigonga kushen, nikamwambia apime ncha kwanza, ikasoma milimita 32, na yeye alikuwa anachezea ya 57.